Mtumbwi Mmoja na Mama Mkwe

Mke wangu alingoja nijaze mdomo ndio aniambie. Hiyo ilikuwa tabia yake. Mtu akiwa na ugali mdomoni hawezi kukataa kitu haraka, na akimaliza kumeza, jambo limeshapita.

"Mama anataka umpeleke nyumbani kwake," akasema.

Nikameza. "Nyumbani kwake si pale kwa shemeji yake? Hata mbuzi anajua njia."

"Nyumbani kwake kwenyewe. Kule chini."

Kule chini kulikuwa maji.

Mto Kuja unatoka mbali, huko juu Kisii, unashuka na nguvu na kelele kama kijana anayetoka kwao mara ya kwanza. Ukifika kwetu Nyatike, karibu na ziwa, unachoka. Unajigawa mikono mingi, unalala huku na kule kwenye matope, na mahali pengine huwezi kujua kama hapo ni mto, ziwa ama shamba. Katikati ya hiyo mikono watu walikuwa wanakaa tangu zamani, kwa sababu udongo wa pale unaotesha mahindi hata ukitupa mbegu kwa hasira. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Ndipo ikaja ile mvua kubwa ya wakati wa Uhuru. Sisi tulipewa bendera na maji pamoja. Bendera ikapanda, ziwa nalo likapanda, na bendera angalau jioni walikuwa wanaishusha.

Mama alitoka pale na kuku wachache, sufuria, na binti ambaye baadaye alinipata mimi, kwa hivyo unaona shida zake hazikuishia kwa maji. Mumewe alikuwa ameshakufa na kuzikwa pale kabla ya mvua. Yeye mzee alibaki huko chini ya maji.

Shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, alimpa kibanda kando ya ghala lake huko juu, akae kwa muda tu. Huo muda ukawa mwaka, ukaongeza mwingine. Sio kwamba walikataa kumjengea nyumba. Mwenyewe ndiye alikataa. Kwao walikuwa wanasema, mjane akihama boma lazima abebe udongo wa kaburi la mzee, uwekwe ndani ya shimo la nguzo ya kwanza ya nyumba mpya. Hapo mzee naye amehama. Bila huo udongo nyumba inasimama, sawa, lakini ni nyumba ya mgeni, na mwenye nyumba atakaa ndani akishtuka kila mtoto akikohoa. Basi mama akaketi kwenye kibanda ambacho ukinyoosha mguu unapiga ukuta teke, akingoja maji yashuke.

Sasa shemeji alikuwa amechoka kungoja. Alisema wazi mbele ya watu: mwezi huo ukiisha, pale mahali alipomwekea mama ajenge atampa kijana wake anayetaka kuoa. Mama aende akakae na mwanawe. Na mwanawe wa kiume, yule mmoja, alikuwa kwenye machimbo ya Osiri akitafuta dhahabu, dhahabu nayo ikimkwepa, akilala chini ya turubai na wanaume wenzake. Huko ndiko mama angepelekwa.

Halafu wavuvi wa Sori wakaleta habari kwamba maji yamerudi nyuma kidogo, na vichwa vya miti ya ua wa mama vimeonekana. Ikawa lazima mtu aende naye. Mimi nilikuwa nimerudi juzi tu kutoka Homa Bay, kwenye kibarua cha kubeba magunia ya pamba, na mgongo wangu ulikuwa bado umejikunja unasubiri gunia lingine. Nilifikiri nimekuja nyumbani kupumzika. Shule niliiacha nusu, na hiyo nusu niliyopata haikunifundisha vile mtu anaweza kumkataa mama mkwe.

Mtu wa mbali ataona ni kazi rahisi, safari ya siku moja, unaenda unarudi. Hajui mambo yetu. Kwetu mama mkwe anaitwa maro, na maro ni mtu wa kukaa mbali naye. Humwangalii usoni. Hukai naye kiti kimoja. Huli mbele yake, wala yeye hali mbele yako. Chumba chake cha kulala hujui kikoje na hutaki kujua. Ukimwona njiani unaingia porini ungoje apite. Mimi siku moja niliingia kwenye upupu, nikamngoja mama mkwe apite polepole na mzigo wake wa kuni huku nikijikuna mahali ambapo sitaandika. Sasa chukua hizo sheria zote uziweke ndani ya mtumbwi ambao watu wawili wakikaa bega kwa bega, mmoja anaogelea.

Dawa yake ni mtu wa katikati. Akiwepo mtu wa tatu, mama anamwambia yeye, yeye ananiambia mimi, na heshima inabaki. Bahati nzuri mtumbwi tuliopata ulikuwa wa ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, mvuvi anayeijua mikono yote ya Kuja. Tukakubaliana yeye atasukuma, mama atakaa mbele akitazama mbele, mimi nitakaa nyuma nikitazama mgongo wake kwa mbali, na maneno yatapitia kwake.

Bahati mbaya kulikuwa na matanga upande wa kwao. Ndugu yangu alikuja asubuhi moja kwa moja kutoka kwenye hayo matanga, ambako walikuwa wameimba na kunywa busaa usiku baada ya usiku. Macho yalikuwa mekundu kama ya kamongo, yule samaki wa matope. Alitusalimia vizuri sana, akamsalimia mama, akausalimia hata mtumbwi. Akaingia, akaketi katikati, akasema, "Ndugu yangu, anza tu, mimi nitachukua pale kwenye mkondo." Akalala. Hakulala kwa kusinzia. Alilala kama mtu aliyeangushwa.

Nikamtikisa. Nikamwita kwa jina lake, na la baba yake, na la mkopeshaji wake. Wapi.

Mama hakugeuka. Alimwambia yule aliyelala: "Wewe, mwambie huyo mtu jua halitungoji."

Mimi nikatazama mashavu ya ndugu yangu yakijaa na kutoka hewa. Nikamjibu yeye huyo huyo: "Mwambie mama nimesikia."

Basi hivyo ndivyo tulivyosafiri. Katikati yetu kulikuwa na mtu, sheria haikuvunjika. Hakuna mahali sheria inasema awe macho.

Upondo nilishika mimi. Ni mti mrefu, unauchoma chini, unausukuma, unauvuta, unauchoma tena. Mwanzoni ni kama mchezo. Baada ya muda mabega yanaanza kuuliza maswali. Chini ni matope, upondo unaingia vizuri lakini kutoka hautaki, na mtumbwi unaondoka wewe ukibaki umekumbatia mti. Mara mbili tatu nilining'inia hivyo. Mama alisikia maji yakipiga kelele nyuma yake.

"Muulize huyo mtu," akamwambia mwenye kulala, "kama huko Homa Bay walimfundisha kusukuma mtumbwi ama kuukoroga."

"Mwambie mama huko walinifundisha gunia. Gunia likishakaa mgongoni linatulia, halisemi kitu."

"Mwambie nimesikia hilo pia."

Ndugu yangu akakoroma. Sisi wote tulichukua hiyo kama jibu.

Pande zote mbili kulikuwa mafunjo, yale tunayoita togo, marefu kuliko nyumba, na upepo haukupita ndani. Joto lilikaa juu ya maji kama mfuniko. Mkono wa mto ulikuwa unapinda, unapinda tena, na kila kona ilifanana na ile tuliyotoka, mpaka nikaanza kuamini tunazunguka tu kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Lakini mama alijua. Alikuwa na fimbo yake, na kila mara mto ukigawanyika aliinyoosha bila kusema, na mimi nikafuata. Hapa palikuwa shamba la fulani, mkono wa fimbo ukashuka kidogo. Pale palikuwa njia ya kwenda kanisani, akatikisa kichwa. Mimi niliona maji tu.

Pahali pamoja akashusha fimbo haraka. "Mwambie anyamaze. Asipige maji. Mwenye shamba yuko."

Mwenye shamba ni kiboko. Kwenye maji hawamtaji. Nikashika tawi la togo, nikausimamisha mtumbwi. Mbele yetu maji yalivimba, yakatulia, halafu tukasikia ile sauti yake nzito ikitoka ndani ya mafunjo. Na ndugu yangu, ambaye sijui alikuwa anaota nini, akajibu kwa mkoromo wa chini kabisa, mrefu. Kiboko akanguruma. Ndugu yangu akakoroma. Kwa muda sikujua ni nani kati yao anamtishia mwenzake. Nilimziba pua kwa vidole viwili, akafungua mdomo, ikawa mbaya zaidi. Na mabega ya mama, niliyaona vizuri kwa sababu ndiyo pekee niliyoruhusiwa kuyaona, yalikuwa yanatikisika. Nilifikiri analia kwa woga. Kumbe anacheka. Aliziba mdomo na leso.

Mwisho kiboko akaondoka. Nafikiri alimwona ndugu yangu ni mkubwa.

Baada ya hapo togo lilikuwa limeelea likaziba njia, kisiwa kizima, na nikalazimika kushuka kwenye matope kuusukuma mtumbwi juu yake na watu wawili ndani, mmoja akiwa mzito kama maiti. Nilitoka pale na ruba kwenye mashavu ya miguu, na mikono imechoka hata kushika upondo siwezi. Nikakaa. Hata utani ulikuwa umeniisha, na mke wangu atakuambia hiyo si kawaida.

 Mama akafungua kitambaa chake. Nikasikia harufu ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja jana, na tumbo langu likapiga kelele ambayo hata kule mbali Muhuru walisikia. Akagawa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaweka fungu langu juu ya kifua cha ndugu yangu. Likapanda na kushuka pale, linapumua. Halafu akajifunika leso kichwa chote, akageuza uso kwenye togo, na mimi nikageuza uso upande mwingine, na tukala hivyo, kila mtu akitafuna polepole sana ili mwenzake asisikie. Mahindi makavu kutafuna kimya ni kazi. Nilichoka mpaka taya.

Jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa tulipotoka kwenye mafunjo. Mbele kulikuwa na maji wazi, ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake mstari wa matawi meusi yaliyokufa, yametoka juu ya maji kama vidole. Ua wa boma la mama.

Aliweka fimbo kwenye mapaja.

"Mwambie," akasema mwishowe, sauti imeshuka, "mwambie tumefika."

Mtumbwi haukuweza kuingia. Chini ya maji matawi yalikuwa yamefungamana, yangetutoboa. Ilikuwa lazima niingie kwa miguu. Sasa nikuambie ukweli: mimi ni mtu wa ziwa ninayeogelea kama jiwe la kusagia. Na mbele ya maro huwezi kuvua hata shati. Nikachukua kamba ya nyavu nikajifunga kiunoni. Mwisho wa pili nilitafuta mahali pa kuufunga kwenye mtumbwi, hakuna, kwa hivyo nikaufunga kwenye kifundo cha mguu wa ndugu yangu, ambaye ndiye alikuwa mzito kuliko vyote. Mama aliweka chungu kidogo cha kutilia udongo juu ya kifua chake. Nikakichukua. Nikaingia na suruali yangu nzuri. Maji yakanifika kifuani.

Nikaanza kupita katikati ya matawi.

"Wewe! Mwambie apite langoni!"

Nikatazama huku na huku. Maji ni maji. "Muulize mama lango liko wapi."

"Pale ua umekatika. Mwizi ndiye anaruka ua. Mwambie mimi sikuozesha binti kwa mwizi."

Nikazunguka mpaka pale ua ulipokatika, nikaingia langoni kama mgeni mwenye adabu, maji yakiwa chini ya kwapa. Mama alikuwa amesimama kwenye mtumbwi, kitu ambacho hakuna mtu mwenye akili anafanya, akinielekeza na fimbo. Ghala liko kushoto, mwambie asijigonge. Mbele, mbele, sasa mlango. Asiingie, azunguke, kaburi liko upande wa kulia wa nyumba.

Ukuta ulikuwa umeyeyuka wote. Nguzo zilikuwa zimekatika chini ya maji, huzioni, unazijua tu zikikupiga mguu. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anafuata njia fupi hata bila kuambiwa. Nikapiga hatua moja, nyingine, nikajikwaa kwenye kijiti kilichosimama ardhini, na kando yake kingine.

"Toka! Toka! Mwambie atoke hapo!" Mama alipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Hapo ni chumbani! Hicho ni kitanda changu!"

Niliruka nyuma kama nimekanyaga moto. Nakwambia, kulikuwa hakuna nyumba pale. Hakuna paa, hakuna ukuta, samaki walikuwa wanapita walipotaka. Lakini uso wangu ulichomeka kwa aibu, nikasimama na mikono juu, nikimwomba msamaha mtu aliyelala. "Mwambie mama sikujua! Mwambie sikuona kitu!"

"Mwambie azunguke nje kama watu!"

Nikazunguka nje kama watu. Nikafuata mahali ukuta ulikuwa, nikihesabu pembe kwa vidole vya miguu, nikatokea upande wa kulia. Maji yalikuwa baridi zaidi huko. Nikasikia yanavuta suruali yangu. Nikapiga hatua mbele, na mguu haukukuta kitu.

Nilienda chini mdomo wazi. Kamba ikanikata kiunoni, ikakaza, na huko juu nikasikia, hata maji yakiwa masikioni, sauti ya ndugu yangu:

"Nani ananivuta? Mimi sijafa! Mimi sijafa!"

Alinivuta kwa mguu na kwa mikono, akilia, mpaka nikashika ukingo wa matope nikakohoa maji yote ya Kuja. Ndugu yangu alikuwa ameketi wima, anatazama kushoto na kulia, hajui yuko wapi, na mama amesimama mbele yake.

"Muulize," mama akamwambia, kana kwamba ndugu yangu alikuwa macho tangu asubuhi, "kaburi amelipata?"

"Ndugu yangu, mama anauliza..."

"Nimesikia." Nikashika pumzi, nikarudi. Nikashika ukingo kwa mkono mmoja, nikanyoosha mwili wote chini, mguu, kidole, mpaka maji yakapita kichwa. Hakuna kitu. Maji yanakwenda tu, baridi, na nguvu. Nikajaribu huku. Nikajaribu kule. Mto ulikuwa umechimba njia mpya, umepita kando kabisa ya nyumba, umekata upande wote wa kulia kama mtu anayekata mkate. Nilijaribu mpaka mikono ikakataa kunishika.

Nilifikiria, sikatai, kuchota matope yoyote yale nikasema ndiyo haya. Ningekuwa nimelala nyumbani mapema. Lakini mama alikuwa mbele yangu kwa wazo hilo.

"Mwambie asinidanganye na matope. Aniambie ukweli."

Ndugu yangu akafungua mdomo kunifikishia. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia, "Mwambie mama hakuna chini. Mto umepita hapo. Kaburi limeenda."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia."

Akakaa. Mtumbwi ukayumba, ukatulia. Ndugu yangu alinitazama, na kichwa kilichokuwa kimejaa busaa kilionekana kimesafishwa ghafla. Mimi nilikuwa nimesimama na chungu mkononi, nikitetemeka kwa baridi kwenye joto lile. Nilimwona yule mama, mgongo wake, na nikajua anaona kile ninachoona: kibanda cha kunyoosha mguu, mwezi ukiisha, turubai la Osiri.

Nilingoja aseme turudi.

"Mwambie," akasema, "apite chumbani."

Ndugu yangu akakohoa. "Mama?"

"Mwambie aingie chumbani, pale kwa kitanda. Achote hapo."

"Mama, hiyo mimi siwezi kumwambia mtu. Hata kupita tu hapo ni faini ya mbuzi."

"Mbuzi aingie kwa mlango upi? Nyumba imeisha." Akageuka. Hakunitazama, alitazama maji yaliyokuwa kati yetu, lakini ndiyo mara ya kwanza alisema na mimi bila mtu. "Yule mzee alilala kwenye hicho kitanda miaka mingi kuliko alivyolala kaburini. Ingia, mwanangu. Yeye alikuwa analala upande wa ukuta."

Nilishindwa kusogea. Maji yote yale ya kifuani niliyapita, lakini hatua hiyo ndogo ilinishinda. Miguu yangu ilikuwa imefundishwa tangu utotoni. Mwishowe niliinamisha kichwa kama mtu anayepita mlango mfupi, sijui kwa nini, hakukuwa na mlango, nikaingia. Nikavipata vile vijiti vya kitanda kwa goti. Vilikuwa bado vimesimama imara, mzee alivijenga vizuri. Nikahesabu upande wa ukuta. Nikaziba pua, nikazama, nikachota kwa kiganja, nikatia kwenye chungu. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, sakafu ya watu, iliyopakwa miaka na miaka kwa kinyesi cha ng'ombe. Ulitoka vipande vipande.

Chungu nilimpa ndugu yangu, ndugu yangu akampa mama. Mama akakifunika na leso na kukipakata, na mpaka tunafika hakukiweka chini.

Kurudi sikumbuki vizuri. Ndugu yangu alisukuma, na kwa kila kona alitapika kidogo. Upepo wa ziwa ulianza kuvuma ukatusaidia, lakini mto ulikuwa unatupinga, basi ikawa sare. Alipochoka nilishika mimi, nilipochoka alishika yeye, na mara nyingine tulichoka pamoja tukashika togo tukakaa tu tukitazamana. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka ngozi. Hakuna mtu alitaka kupeleka neno lolote kwa mtu yeyote. Tulifika nchi kavu jua likiwa limeshaanza kwenda, na mama akashuka, akapanda njia ya juu na chungu chake, bila kusema kwaheri, kwa sababu maro hamuagi mkwe hivyo.

Yaliyobaki niliambiwa na mke wangu, maana kwenye ujenzi wa nyumba ya mama mkwe mimi sina mahali. Alinikuta nimelala chini, sakafuni, kwa sababu kitanda kilikuwa mbali sana, hatua kama nne.

Alisema mama yake hakulala. Kulipokucha tu alimwita shemeji yake, akamwonyesha kwa fimbo mahali pa kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Na mlango uangalie juu, mlimani, alisema, sio ziwani tena. Shemeji akaja na watu wake. Akatazama kile chungu, akauliza kama ni cha kaburini.

Mama akamwambia hapana. Akamwambia kaburi limechukuliwa na mto, na huu ni udongo wa chumbani kwake, wa pale mumewe alikuwa analala.

Shemeji akasema hiyo haijawahi kusikika. Akasema lazima wakae wazee kwanza, waulizane, kitanda na kaburi si kitu kimoja. Alisema mengi, mke wangu alisema, na watu wote walisimama wakimsikiliza, na jua likapanda.

Mama alimwacha amalize. Halafu akamwambia, "Mtumbwi uko pale chini. Kama unataka wa kaburini, nenda ukazame."

Shemeji akatazama upande wa ziwa. Akatazama chungu. Halafu, mke wangu alisema, akatema mate mikononi, akachukua jembe.